Fed iliumba matrilioni baada ya 2008, mbona uchumi ulifufuka kwa kusuasua?

Mdadisi:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Desemba 2008 Fed, benki kuu ya Marekani, ilishusha riba yake hadi kati ya 0 na 0.25%, ikaiacha hapo hadi Desemba 2015. Katikati ikanunua hatifungani (karatasi za deni zenye riba) mpaka mizania yake, yaani jumla ya mali inazoshika, ikatoka chini ya dola trilioni 1 na kufika kama trilioni 4.5. Vitabu vinasema pesa ikiongezeka hivyo bei zinapaa. Hazikupaa, na ajira zilirudi kwa mwendo wa kinyonga. Hiyo pesa ilikwama wapi? Na kama ilikwama, kwa nini waliendelea kununua?

Leja:
Mkuu, fuata muamala mmoja tu utaona. Mfuko wa pensheni unaiuzia Fed hatifungani ya dola milioni 10. Mfuko hauna akaunti Fed, una akaunti kwenye benki ya biashara. Kwa hiyo Fed inaiingizia benki hiyo milioni 10 kwenye akaunti yake ya akiba iliyoko Fed, na benki inauingizia mfuko milioni 10 kwenye amana yake. Fed imeongeza mali (hatifungani) na dhima, yaani inachodaiwa (akiba za benki). Benki imeongeza mali (akiba) na dhima (amana). Mfuko haujatajirika, ulikuwa na karatasi yenye riba, sasa una salio lisilozaa kitu cha maana. Kama muuzaji ni benki yenyewe, hata hiyo amana mpya haizaliwi.

Zile akiba hazitoki kwenda kwa mteja. Zinahama benki hadi benki, au zinageuka noti. Benki zote kwa pamoja haziwezi kuzimaliza hata zikikopesha usiku na mchana, maana mkopo ni benki kuandika amana mpya. Kinachoizuia benki ni mtaji wake, na kupata mkopaji mwenye kipato cha kulipa. Mwaka 2009 vyote viwili vilikuwa adimu: benki zilikuwa zinaziba mashimo ya mikopo mibaya, na ukosefu wa ajira ulifika 10% Oktoba mwaka huo. Ile hesabu ya darasani, kwamba kila akiba huzaa mikopo mara kumi yake, ndiyo inayowapoteza wengi. Tena tangu Oktoba 2008 Fed ilikuwa ikilipa riba kwa akiba hizo, kwa hiyo benki haikuwa na haraka nazo.

Rehani30:
Leja yuko sahihi, ila kaishia njiani. Ule mfuko hautakaa na salio lisilozaa. Utatafuta hatifungani za makampuni, hisa, chochote chenye faida, na bei za hatifungani zikipanda riba za muda mrefu zinashuka, maana anayelipa bei kubwa kwa malipo yaleyale anapata asilimia ndogo. Hilo ndilo lililokuwa lengo. Riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilishuka kutoka takribani 6% mwishoni mwa 2008 hadi karibu 3.3% Novemba 2012.

Piga hesabu. Mkopo wa dola 200,000 kwa 6% unalipiwa kama dola 1,199 kwa mwezi. Uubadilishe kwa mpya wa 4%, unalipia 955. Dola 244 kila mwezi zinabaki mfukoni mwa familia.

Sasa tatizo. Ili upewe mkopo mpya, kwa kawaida unatakiwa usizidi 80% ya thamani ya nyumba. Nyumba ikishuka hadi 160,000 huku deni ni 200,000, uko kwenye 125%, hakuna anayekusikiliza. Mpango wa serikali wa HARP wa 2009 uliwafungulia mlango baadhi yao, lakini ni kwa mikopo iliyokuwa chini ya Fannie Mae na Freddie Mac tu, kampuni za rehani zinazoungwa mkono na serikali. Aliyehitaji nafuu zaidi ndiye aliyeikosa, na aliyenufaika ni yule ambaye angelala usingizi hata bila hiyo 244. Ndiyo maana dawa ilifanya kazi, lakini nusu nusu.

Kasri:
Ulaya walijitakia. ECB, benki kuu ya eneo la euro, ilipandisha riba Aprili na tena Julai 2011, kutoka 1% hadi 1.5%, kwa sababu mafuta na bidhaa ghafi zilikuwa zimeinua mfumuko wa bei. Riba haichimbi mafuta. Unachopunguza ni matumizi ya watu ambao tayari wamepunguzwa na bei ya mafuta. Novemba na Desemba mwaka huohuo ikarudisha yote. Sweden nayo ilipandisha hadi 2% mwaka 2011, na Februari 2015 ikajikuta chini ya sifuri.

Juni 2014 ECB ilianza kutoza benki 0.1% kwa fedha zinazolazwa kwake, Machi 2016 ikafika 0.4%. Benki yenye euro milioni 100 za ziada inalipa 400,000 kwa mwaka. Benki haikuthubutu kumtoza mwenye akiba ndogo, maana angetoa noti akaweka ndani, hivyo gharama ikala faida yake, na faida ndiyo inayojenga mtaji ambao Leja anausema.

Bajeti:
Kasri, usiibebeshe ECB mzigo wote. Serikali nyingi za eneo la euro zilibana matumizi kwa wakati mmoja. Japani je? Benki kuu ilianza manunuzi makubwa Aprili 2013, Aprili 2014 serikali ikapandisha kodi ya mauzo kutoka 5% hadi 8%. Mmoja anakanyaga mafuta, mwenzake breki.

Mdadisi:
Nimewapata wakuu. Bado moja: Mei 2013 masoko yalitikisika ilhali Fed ilikuwa bado inanunua hatifungani. Kwa nini?

Rehani30:
Soko linapanga bei kwa kinachotarajiwa. Fed ilikuwa ikinunua dola bilioni 85 kwa mwezi, na Bernanke, mwenyekiti wa Fed wakati huo, alisema tu kwamba huenda wakapunguza. Watu wakasikia "riba inakaribia kupanda", jambo ambalo hakulisema. Hatifungani ya miaka 10 yenye riba ya 2% hupoteza kama 8.5% ya bei yake soko likidai 3%. Riba ya soko ilisogea karibu kiasi hicho hadi Septemba. Aliyenunua kwa fedha za kukopa lazima auze haraka, na pa kwanza kuuza ni nchi alizokwenda kufuata riba kubwa.

Leja:
Na Fed waliponyanyua riba Desemba 2015 hawakuhitaji kuziondoa zile akiba kwanza. Walilipa 0.50% kwa akiba za benki. Ila mifuko ya soko la fedha (inayokopesha fedha za watu kwa muda mfupi) hairuhusiwi kupata riba hiyo, na ingekubali kukopesha chini ya hapo, riba ya soko ikateleza. Kwa hiyo Fed ikapokea fedha zao za usiku mmoja kwa 0.25%, ikiwapa hatifungani kama dhamana. Anayepata 0.25% Fed hamkopeshi mwingine kwa 0.10%.