Uliyeajiri au kuajiriwa baada ya kifungo, Kigoma na Tabora: tupeane uzoefu

Mama Mawese (Gungu, Kigoma)

Habari za jioni wakuu. Nna sehemu yangu ya kukamua mawese huku Gungu, na sabuni kidogo. Kila siku naona watu wanatafutiana kazi, ila kuna kundi halina pa kuulizia, waliomaliza kifungo. Naomba tupeane uzoefu, wewe uliyeajiri na wewe uliyeajiriwa, ulipokelewaje, nani alikudhamini, na siku kitu kilipopotea kazini ilikuwaje. Hilo la mwisho ndo nalolitaka hasa, maana kumpa mtu kazi Jumatatu wengi tunaweza, shughuli ni ile siku dumu halionekani.

Naanza mimi. Nilikuja kuletewa kijana na shemeji yangu, katoka Kwitanga, na mnaojua Kwitanga mnajua lile gereza lina shamba kubwa la michikichi. Mtu kakaa na chikichi miaka yote hiyo, anaijua kuliko mimi niliyeanza biashara kwa kukopa. Siku ya kwanza tu kaenda kwenye pipa linalochemka, kachota chikichi chache na kijiti, kazipuliza kaziminya kwa vidole, ganda halijaachia nyuzi, akaniambia mama ongeza kuni bado. Sisi tulikuwa tunaepua kwa kukadiria tu alafu tunalalamika mafuta hayatoki, kumbe nusu yake tunaitupa kwenye makapi. Tangu siku hiyo yeye ndo anasema pipa liepuliwe saa ngapi.

Sasa ikaja siku dumu mbili za lita 20 hazipo. Majirani hata hawakuuliza, wote "si unaye yule wa Kwitanga". Nikasema hapana, kwanza daftari. Tukakaa wote kibarazani, yeye yupo, mdogo wangu yupo, tukasoma mstari kwa mstari nani kachukua nini, ikaonekana zilikwenda kwa mteja wa Mwanga aliyekopa asubuhi na mdogo wangu aliandika ukurasa wa nyuma. Ilichukua kama nusu saa. Kijana hakusema kitu, akarudi kwenye mashine. Ila nadhani kama ningempigia mgambo kabla ya kufungua daftari asingerudi kesho yake, na mimi nisingemlaumu.

Karibuni.

Fundi Cheyo

Mwangaluka wakuu. Mimi ni upande wa pili, nimekaa gereza la Uyui hapa Tabora, nikatoka kwa msamaha wa Rais Desemba 9, 2019, wale 5,533 aliowaachia hayati Magufuli pale Mwanza sherehe za Uhuru. Useremala niliujulia ndani. Watu wanadhani jela ni kukaa tu, hapana, nimetoka naweza kitanda cha mninga mwanzo mpaka vanishi.

Shida ilikuwa nje. Karakana tatu nne nilizopita swali la kwanza ni ufundi umejifunzia wapi, ukisema VETA unaombwa cheti, ukisema Uyui mazungumzo yanaisha kistaarabu, "acha namba tutakupigia". Mzee mmoja wa Cheyo hakuuliza wapi, kanipa kipande cha mbao akasema nitengenezee droo, ifunguke bila kukwama. Nikamtengenezea, akaifungua akaifunga mara nyingi tu, akaniambia njoo kesho. Ndo kesho yake mimi mwenyewe nikamwambia nimetoka wapi, maana nilijua atasikia sokoni. Akasema nimekusikia, ukinificha kingine ndo tutagombana.

Mama Mawese umeuliza kitu kikipotea. Kwetu ilipotea randa ya umeme. Mzee alifunga mlango tukatafuta wote, na yeye akiwemo, akamwaga hata begi lake la chakula mbele yetu. Randa haikupatikana mpaka leo. Hakumkata mtu hela. Ila kuanzia hapo kila kifaa kikawa na namba na unasaini ukichukua asubuhi na ukirudisha jioni, wote, hata mwanae. Hilo neno WOTE ndo lilinifanya nikae pale. Ungeniwekea mimi peke yangu daftari la kusaini ningeondoka.

Na wenzangu mliotoka, VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa, unapimwa kwa vitendo unapewa cheti. Nimeufanya. Cheti hakiandiki ulijifunzia wapi.

Mwana Katonga

Huku ziwani hakuna anayeuliza. Nilitoka gereza la Bangwe nikaenda moja kwa moja mwaloni Katonga, tajiri wa kipe (chombo cha kuvulia dagaa usiku kwa taa) anaangalia kama unaweza kuvuta wavu usiku kucha na hulewi, basi. Malipo ni mgao, mnatoa mafuta na gharama za taa, kinachobaki mnagawana, kwa hiyo hata akikudharau hela yako inaonekana kwenye dagaa na migebuka iliyopo hapo mbele ya watu. Naheshimu sana ile kazi.

Tatizo ni kwamba ni kazi inayosimama mara kwa mara. Siku za mbalamwezi hamuingii ziwani. Na 2024 ziwa lilifungwa kabisa Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wazaliane, sipingi hilo, ila mimi na watoto watatu ilibidi nitafute nchi kavu. Nikaomba ulinzi. Hati ya tabia njema, alama za vidole polisi, nikajua hapa sipiti. Miezi mitatu ile nilibeba zege, analipwa mwenzangu jioni mimi naambiwa subiri Jumamosi "usije ukaenda kunywa". Nikasubiri. Hiyo inauma kuliko kukosa kazi, nasema kweli.

Binti Ujiji

Pole sana kaka wa Katonga. Hiyo ya kucheleweshewa hela hata mume wangu kaipitia, na unakuta tajiri anajua huwezi kwenda kulalamika popote.

Mkaka wa Kanyenye

Niongee upande ambao hausemwi. Nna duka la vipuri, niliajiri mmoja aliyetoka, akaniibia kweli, akaondoka na mauzo ya wiki. Sikuacha. Wa pili niliyemchukua, naye katoka ndani, yupo mpaka sasa ndo anafungua duka. Mbona waliowahi kuniibia kabla yake hawakuwa wamefungwa na sikusema siajiri tena watu wasiofungwa? Nilichobadili ni hela kulala dukani, sasa jioni inaingia kwenye simu au kwa wakala, hakuna wa kujaribiwa.

Msomaji wa Kitete

Naongezea kidogo. Wenzetu wapo wanaofanya hili kwa mfumo. Uingereza kuna kampuni ya Timpson, wanatengeneza viatu na kuchonga funguo, takribani mmoja kati ya wafanyakazi wao kumi amewahi kuhukumiwa. Fikiria wakuu, mtu aliyetoka jela anachonga ufunguo wa nyumba yako, na watu wanapeleka. Aliyekuwa anaiongoza, James Timpson, Julai 2024 akateuliwa waziri wa magereza kule. Marekani kuna bekari ya Greyston huko Yonkers, New York, iliyoanzishwa 1982, unaandika jina kwenye orodha zamu yako ikifika unaanza kazi, hakuna usaili wala kuulizwa ya nyuma.

Kwetu Katiba ibara ya 22 inasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, pale kifungu cha 7 kinapokataza ubaguzi, imetaja kabila, dini, jinsia, ulemavu, umri na mengine, kuwahi kufungwa haijataja. Kwa hiyo ukinyimwa kwa sababu hiyo una kazi kubwa ya kujitetea. Wabunge wetu waliangalie.

Binti Ujiji

Mama Mawese, wewe unamuandikishaje mtu wa hivyo? Mume wangu kaanza kuitwa sehemu ila wanataka wadhamini wawili wenye nyumba, sisi tunapanga.

Mama Mawese

Mdogo wangu, mimi sitaki mwenye nyumba. Nachukua barua ya mtendaji wa mtaa na namba ya ndugu mmoja anayekaa naye, nampigia ndugu huyo mbele yake. Mkataba karatasi moja, tunasaini wote, analipwa Jumamosi pamoja na wenzie, kiasi kilekile na saa ileile. Mwambie mumeo aende na ndugu, asiende peke yake, na yale ya nyuma ayaseme mwenyewe baada ya kuonyesha kazi, kama alivyofanya Fundi Cheyo.

Na kaka wa Katonga, ziwa likifungwa tena usisubiri zege, njoo Gungu unione, pipa la pili naliwasha na sina mtu wa usiku. Wewe utakuwa kibarua, hela ya siku yako utaichukua siku hiyohiyo.

Mwana Katonga

Asante mama. Nakuja hata kabla halijafungwa, mbalamwezi hii hii.