Tupeane uzoefu: dawa gani ilikuletea fangasi au maambukizi mengine?

mama_wawili
Wapendwa, habari za saa hizi. Nimesumbuka miezi minne nikijiona mchafu, kumbe kosa halikuwa langu. Nilikuwa napata UTI mara kwa mara, na kila mara naandikiwa antibayotiki. Nikifika siku ya nne au ya tano ya dozi, naanza kuwashwa sehemu za siri, uchafu mweupe mzito unatoka kama maziwa yaliyoganda, na mkojo ukipita unachoma. Nikadhani UTI imegoma, nikaongeza dozi nyingine bila kumwambia mtu. Hapo ndipo nilipojiharibia.

Daktari wa tatu ndiye aliyechukua ute akaupima kwa darubini. Akaniambia ni fangasi. Akanieleza kwamba ukeni wanaishi bakteria wema, laktobasili, ambao asidi yao huwazuia fangasi wasizaliane. Antibayotiki inapoua wale wabaya inafagia na hawa walinzi, na fangasi haimwui, kwa hiyo anabaki na uwanja mtupu. Kila dozi niliyojiongezea ilikuwa inamlisha adui. Niliweka vidonge vya klotrimazoli ukeni usiku sita, nikapona. Kwako ilikuwa dawa gani?

pumzi_moja
Pole sana dada. Yangu ilikuwa mdomoni. Nina pumu, navuta dawa ya steroidi asubuhi na jioni. Ulimi ukaota utando mweupe, nikiukwangua panabaki pekundu na panauma, na sauti ikakauka. Niliogopa sana, kwa sababu nilishasikia utando huo ni dalili ya ukimwi. Nikapima, sina. Mabaki ya dawa yalikuwa yanakaa kooni na kudhoofisha kinga ya pale pale. Sasa navuta kwa kutumia chombo cha kati (spesa, kinachokaa kati ya pampu ya dawa na mdomo), kisha nasukutua kwa maji na kutema. Haujarudi tena. Dawa sikuiacha, na nawasihi wenye pumu msiiache.

baba_mkimya
Nimesita sana kuandika, lakini wanaume wenzangu mnanyamaza na mnaumia. Nina kisukari cha aina ya pili. Nilibadilishiwa dawa nikapewa empagliflozini. Sukari ikashuka vizuri, nikafurahi. Baada ya wiki chache kichwa cha uume kikawa chekundu, kinawasha, chini ya govi kuna utando wenye harufu. Mke wangu naye akaanza kuwashwa. Nyumba ikaingia maneno, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Tulikaa hivyo wiki tatu, na bado inaniuma nikikumbuka.

Dawa hii, pamoja na ndugu yake dapagliflozini, hufanya kazi kwa kuifanya figo itoe sukari kwenye mkojo. Mkojo wenye sukari ukibaki kwenye ngozi, fangasi wamepata chakula. Laiti ningeambiwa sentensi hiyo moja siku ya kwanza! Nilipewa krimu, nikaelekezwa kujisafisha kwa maji na kujikausha vizuri kila nikikojoa, na dawa ya sukari naendelea nayo. Jambo moja zito: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za kundi hili, ingawa ni mara chache sana, zimehusishwa na maambukizi ya bakteria yanayooza nyama kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Ukiona uvimbe au maumivu makali hapo pamoja na homa, usisubiri kuche.

muuguzi_wa_usiku
Asante baba kwa ujasiri wako. Mimi nitasema la tumboni. Mama yangu mzazi alipewa klindamaisini, nayo ni antibayotiki, kwa ajili ya jino. Alishamaliza dozi, wiki ya pili akaanza kuharisha majimaji mara kumi kwa siku. Ni bakteria aitwaye Klostridiumu difisile, anayechipuka utumbo ukishafagiliwa. Nilikuwa nimeshika mkononi dawa ya kufunga kuhara, namshukuru Mungu sikumpa, kwa sababu ingeweza kuifungia sumu ndani. Na mama anatumia omeprazoli ya vidonda vya tumbo tangu zamani. Nayo inahusishwa na ugonjwa huu, hasa ikitumika muda mrefu.

Kina dada, tafadhali, msijioshe ndani kwa sabuni mnapowashwa. Mnaondoa walinzi wachache waliobaki.

mama_wawili
Dada muuguzi, hilo la sabuni nililifanya kila siku. Asante. Je, kuna aliyewahi kutumia kidonge kimoja cha flukonazoli badala ya dawa ya kuweka?

subira_njema
Mimi, na nusura nife. Natumia warfarini ya kuzuia damu kuganda. Nilipopata fangasi nilimeza flukonazoli ya miligramu 150 niliyopewa na jirani. Siku chache baadaye fizi zinatoa damu, michubuko mapajani, mkojo mwekundu. Flukonazoli huizuia warfarini isivunjwe mwilini, hivyo ikajaa. Ukiwa mjamzito pia usiimeze kabla ya kuongea na daktari. Sasa nimeandika majina ya dawa zangu zote kwenye karatasi ninayotembea nayo, na huitoa kabla sijaulizwa.