Kahawa kwa van bila stima: moka, plunja ama AeroPress?

Hiace_Naks: Wasee habari. Nimetoa viti vya nyuma kwa Hiace nikaweka kitanda na droo, imebaki tu upande wa kahawa. Tunatoka Nakuru, tunalala Timboroa, alafu Eldoret, Kapsabet, tushukie Kisumu. Betri ni ya taa na simu tu, nina meko ya gesi ya kilo 6. Ile ya unga ya kukoroga sitaki, nchi yetu inalima kahawa tamu sana kwa mtu kukunywa hiyo. Mnatumia nini?

mama_Dunga: Moka, ile birika ndogo ya chuma ya vyumba viwili, maji ya chini yanapanda kupitia kahawa. Inatoa kahawa nzito, hata ukiweka maziwa bado unaisikia. Weka maji ambayo tayari ni moto, yasipite ile vali ya pembeni, kahawa usiishindilie, moto uwe mdogo kabisa, na ikianza kukoroma na kutoa povu jeupejeupe unaitoa hapo hapo, ukingoja inaungua na huo ndio uchungu watu hulaumu moka. Sasa ile ndogo haikai kwa grili ya meko, inazama katikati ya vyuma, tafuta kipande cha wavu wa chuma uweke juu.

fundi_Bondeni: Kama mko wanne chukua plunja, ile jagi yenye kichujio cha kubonyeza, lakini ya chuma, ya glasi haitafika Kapsabet. Gramu 30 kwa nusu lita, saga nene, dakika 4, bonyeza, kila mtu ako na kikombe. Shida ni kuosha, mabaki yanaganda chini na maji ya jerikani ni ya kuhesabu.

kahawa_Kericho: Mkiwa wawili ni AeroPress, ile bomba ya kusukuma kahawa kwa mkono ipite karatasi ya kuchuja, hata kama inatoa kikombe kimoja kwa mara moja. Ni plastiki, haivunjiki, ukimaliza unasukuma mabaki yanatoka yameshikana kama biskuti, unapanguza na kitambaa basi.

Lakini sikiza, hiyo route yako inapanda na kushuka sana, na ukipanda juu maji yanachemka kabla hayajawa moto sana. Kisumu maji yanachemka karibu digrii 96, Nakuru 94, Timboroa ni kama 91. Wengi wanasema ngoja maji yapoe kidogo ndio umimine, Timboroa usingoje hata sekunde. Pasha chombo kwanza, mimina yakichemka, saga laini zaidi kidogo na uache ikae, la sivyo itatoka nyepesi na chachu, alafu utadhani mbegu ndio mbaya.

Hiace_Naks: Hiyo ya digrii imenisaidia sana, asante. Na nikiweka inveta, ile ya kugeuza stima ya betri iwe kama ya nyumba, na birika ya stima?

fundi_Bondeni: Achana nayo kabisa. Birika ya wati 1,500 kwa betri ya volti 12 inavuta zaidi ya ampea 125, waya zinachemka kabla maji. Kaa na gesi.

mama_Dunga: Na tafadhali jiko la makaa lisiingie ndani ya gari, hata baridi ya Timboroa ikiuma namna gani, hata kama yamebaki makaa mekundu tu bila moshi. Ile hewa ya makaa haina harufu na inaua mtu akiwa amelala. Meko pia, fungua mlango kwanza.

kahawa_Kericho: Mama amesema ukweli. Ingine ni kusaga, na hapa ndio ningeweka pesa kabla ya chombo chochote. Nunua kinu cha mkono na mbegu zenye tarehe ya kukaangwa kwa pakiti, saga asubuhi ile unakunywa, kwa sababu ikishasagwa harufu inaanza kutoroka saa hiyo hiyo. Zile gredi za AA na AB kwa pakiti zisikubabaishe, hizo zinakuambia ukubwa wa mbegu sio utamu. Na ukipita Nandi uliza kahawa ya huko, watu wanafikiria ni chai peke yake.

Hiace_Naks: Basi ni kinu na AeroPress, plunja ya chuma nitaongeza tukiwa wengi. Karatasi za kuchuja zikiisha njiani?

kahawa_Kericho: Suuza uanike, moja inatumika tena mara kadhaa. Ama chukua kichujio cha chuma, itakuwa nzito kidogo kwa sababu mafuta ya kahawa yanapita.

mama_Dunga: Nzito ndio tamu. Ukifika Dunga, hapo Kisumu kando ya ziwa, pika asubuhi mapema, mchana upepo wa ziwa unazima meko.