Umeichoka Facebook? Umehamia wapi, na umehamaje? Tupeane uzoefu

Mwenyeji wa Langoni: Wadau, tangazo la maziko likibandikwa Facebook asubuhi, nusu ya mji wa Amu wanaliona siku ya tatu, marehemu keshazikwa kitambo. Mambo hayapangwi kwa saa. Yanapangwa kwa kile programu inachodhani utakibonyeza, na katikati unapachikiwa video za watu usiowajua. Waliohama waseme wamekwenda wapi na hatua zake. Malalamiko tunayo ya kutosha.

Kasa wa Watamu: Kabla hamjahama: bonyezeni mistari mitatu, tafuteni Feeds, kisha Friends. Hapo posti zinakuja kwa wakati, ya karibuni juu. Ipo tangu 2022. Ubaya wake, ukifunga programu na kuifungua tena inakurudisha kwenye vurugu ile ile.

Bi Shela: Kweli, na wengi hawaijui.

Fundi Simu Mkunguni: Kwa wanaotoka moja kwa moja, msiruke hatua. Kwanza nakala ya vitu vyako. Ingia Settings, kisha Accounts Center, sehemu ya taarifa zako, uombe kupakua. HTML ni ya kusoma na kutazama picha, JSON ni ya kusomwa na programu nyingine. Ubora wa picha weka wa juu. Kipindi usikiache kama kilivyojichagua, weka tangu mwanzo. Faili haliji papo hapo, na likiwa tayari lichukue mapema maana kiungo hakidumu.

Pili, na hapa ndipo wenye nyumba za wageni na mashua za watalii wanapoangamia: ukurasa wa biashara hausimami peke yake, umening'inia kwenye akaunti ya mtu. Mwenye mamlaka kamili akiwa mmoja tu, naye akafuta akaunti yake, ukurasa unakwenda naye. Maoni ya wageni, picha, wafuasi, vyote. Ongeza mtu wa pili, mpe mamlaka kamili, hakikisha ameukubali mwaliko, ndipo ufute.

Tatu, programu zote unazoingilia kwa kitufe cha Facebook ziwekee baruapepe na nenosiri. Mwisho futa. Una siku 30 za kughairi, na data yenyewe huweza kuchukua hadi siku 90 kuondoka. Kuzima si kufuta: ukizima, Messenger inaendelea.

Jahazi la Mtangani: Subhanallah, hilo la ukurasa! Halirudishiki?

Fundi Simu Mkunguni: Siku 30 zikipita, sahau.

Nyota ya Malindi: Na huyo "mtu wa pili" nani? Mwenye mamlaka kamili anaweza kumtoa mwenye mali mwenyewe. Mfanyakazi wa mapokezi akiondoka kwa hasira, ukurasa umekwisha.

Fundi Simu Mkunguni: Mfanyakazi mpe mamlaka ya sehemu tu. Ataposti na kujibu wageni, hawezi kumtoa mtu. Mamlaka kamili mpe ndugu.

Nyota ya Malindi: Ndugu! Unaijua Malindi wewe? 😂

Mwenyeji wa Langoni: Jamani, mada ni kuhama, si mirathi.

Mpwa wa Nahodha: Telegram. Chaneli haina kikomo cha watu, kundi linafika 200,000, wakati kundi la WhatsApp linaishia 1,024. Kwa dada zetu kubwa ni namba: Settings, Privacy, Phone Number, weka Nobody, watu waone jina ulilojichagulia tu. Halafu zima upakuaji wa video wenyewe kwenye Data and Storage, la sivyo bando linakwisha kabla ya adhuhuri.

Kasa wa Watamu: Na Novemba? Wakati wa mtihani wa KCSE, 2023 na 2024, Telegram ilizuiwa hapa Kenya. Tangazo la maziko lingoje mtihani uishe?

Mpwa wa Nahodha: Kuna VPN, programu ya kupita kizuizi.

Kasa wa Watamu: Kamfundishe bibi yangu VPN. Fungueni chaneli ya WhatsApp, programu kila mtu anayo, na wafuasi hawaonani namba.

Bi Shela: Mpwa, usisahau mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayajafungwa mwanzo hadi mwisho, yaani si wewe na mwenzako tu mnaoweza kuyasoma. Ni yale ya siri tu, na lazima uyaanzishe mwenyewe.

Msomaji wa Pate: Mie wa X, ile Twitter ya zamani, nataka maandishi tu. Mastodon au Bluesky?

Jahazi la Mtangani: Mastodon hakuna watu.

Fundi Simu Mkunguni: Hakuna watu kwa sababu unaingia hujamfuata yeyote, na hakuna mashine ya kukuletea wageni. Fuata alama za reli (#) za mada unazozipenda, posti zinakuja zenyewe. Herufi 500. Mastodon ni seva nyingi zilizounganishwa, kila moja na mwenyewe; yako ikikuudhi unahamia nyingine: kwenye akaunti mpya taja ile ya zamani, kisha urudi ya zamani uagize kuhama. Wafuasi wanakuja, posti zinabaki. Ukihama tena mapema inakataa, ngoja siku 30.

Nyota ya Malindi: Yote hayo kwa watu kumi? Bluesky, herufi 300, imefunguliwa kwa wote tangu Februari 2024. Hoteli yenye tovuti yake hulifanya jina la tovuti kuwa jina la akaunti: unaongeza rekodi ya maandishi (TXT) iitwayo _atproto kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina la tovuti, mgeni anajua si tapeli.

Msomaji wa Pate: DNS tena! Ami Fundi, hiyo nakala ya Facebook ikiwa kubwa, kwa simu na bando itawezekana?

Fundi Simu Mkunguni: Iombe kwa vipindi, miaka miwili miwili, uanze na ya zamani. Ikikatika njiani unarudia kipande kimoja tu.