Lusani karibu na Mbuga ya Nairobi: niipandie mbuzi au swala?

Mfugaji wa Kitengela
Wanabaraza, hamjambo. Nina robo ekari isiyo mbali na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, nami ninafuga mbuzi wa maziwa. Nimesoma kwamba huko Marekani wenye mashamba hupanda lusani (alfalfa, mmea wa malisho) ili kuwavuta paa wa mkia mweupe, nikawaza kuacha kipande kimoja bila ua kwa ajili ya swala wanaotoka mbugani. Je, udongo wetu mweusi utaikubali lusani, na wazo hilo la swala lina busara?

Mkulima wa Limuru
Tatizo lako, ndugu, litakuwa maji. Lusani haivumilii mizizi iliyolowa, na udongo mweusi unaonata wakati wa masika hushika maji siku nyingi. Inua matuta au uchague penye mteremko. Pima pia asidi ya udongo, kwa kuwa zao hili hupenda pH ya kati ya 6.5 na 7.5. Sisi wa udongo mwekundu hatuna budi kutia chokaa mapema ili kupunguza asidi, lakini wewe huenda usiihitaji kabisa. Mbegu ni ndogo mno, hivyo lainisha udongo na uifukie kwa sentimita moja tu, ikiwa imepakwa bakteria wa rhizobia, ambao huiwezesha kutumia naitrojeni ya hewani.

Mama Mbuzi, Ruai
Ikate inapoanza kutoa maua, kwani ukichelewa shina hukomaa na protini hupungua. Usiwape mbuzi wenye njaa lusani mbichi tupu, hasa yenye umande, kwa maana hufura tumbo kwa gesi na wanaweza kufa. Mimi huianika hadi inyauke, kisha huichanganya na nyasi kavu.

Jirani wa Mbuga
Hao Wamarekani wengi hupanda kwa ajili ya kuwinda, ilhali kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Tena hata kwao, kishamba kidogo penye paa wengi huweza kuliwa chote kabla mizizi haijashika. Kwako watakuja punda milia pia, na nyuma yao simba, ambaye akishafika hatachagua kati ya swala na mbuzi wako. Zungushia ua robo ekari yote, ndugu yangu; swala wana malisho yao.