Viza ya mwenza Uingereza bila ndoa: tuthibitisheje uhusiano?

Wakuu, naomba ushauri. Mimi na mwenzangu, raia wa Uingereza, tuko pamoja mwaka wa tatu sasa ila hatujafunga ndoa. Kanuni zinataka uhusiano unaofanana na ndoa kwa angalau miaka 2, na tangu Januari 2024 kuishi nyumba moja si sharti tena. Kipato chake kinazidi pauni 29,000, hapo sina wasiwasi.

Shida ni ushahidi. Miezi niliyokaa kwake, mkataba wa pango ulikuwa na jina lake tu. Akaunti ya pamoja hatuna. Tuna tiketi za safari, risiti za fedha anazonitumia, picha na wazazi wa pande zote, na meseji maelfu kwa maelfu.

Mliofanikiwa katika hali hii, meseji mlizichagua vipi? Barua za wazazi zina uzito? Nampenda sana huyu mtu, naogopa tusije tukanyimwa kwa kukosa karatasi.