Tamthilia yangu ya YouTube inasuasua: nikate vipande vya dakika moja au nikaze na hadithi ndefu?

MwanaPongwe
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana hapa nilipo usingizi siupati vizuri. Niko Tanga, mimi na wenzangu watano tunatengeneza tamthilia tunaiweka YouTube, inamhusu dereva wa bodaboda aliyesahauliwa begi na abiria wake akaamua kumtafuta mwenyewe nyumba kwa nyumba. Tunashuti kwa simu, maiki ni zile za kubana kwenye shati, na mama anayecheza shangazi ni muuza maandazi kweli kwahiyo hatuanzi kazi mpaka saa nne asubuhi akishamaliza biashara. Tumetoa sehemu 11, kila moja kama dakika 14. Wafuatiliaji wamefika 1,340 ila saa za kutazamwa ziko kama 2,600 tu na zinatakiwa 4,000 ndani ya miezi 12 ndio matangazo yaanze kutulipa.

Sasa kuna siku tulichukua kipande cha shangazi anagombana na konda tukakiposti wima, sekunde 50, kikatazamwa na watu elfu 60 kwa siku tatu. Sehemu nzima yenye hicho kipande watu 900. Wenzangu wanasema tuachane na tamthilia tutoe ugomvi wa shangazi kila siku. Mimi roho inaniuma maana hadithi hatujafika hata katikati, na tatizo lingine bando na nauli vyote natoa mimi. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

FundiSauti_Mbeya
Mkuu kwanza hongera, sehemu 11 sio mchezo, wengi wanaishia ya pili.

Kuna kitu wenzako hawajakijua. Zile saa 4,000 zinahesabiwa kwa video za kawaida, zile fupi za wima za Shorts, watu wanazopitisha kwa kidole, haziingii humo kabisa. Shorts zina njia yao, kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwahiyo hao elfu 60 hawajakuongezea hata saa moja kwenye hesabu yako. Halafu mgao wenyewe, video ndefu unapata asilimia 55 ya hela ya tangazo, hela za Shorts zinakusanywa kwenye kapu moja la pamoja na wewe unabaki na asilimia 45 ya fungu lako. Usikiache hicho kipande lakini, kifanye mbiu. Mbiu ikilia watu waambiwe mkutano uko wapi, weka kiungo cha sehemu kamili palepale na ukate kabla konda hajajibu, anayetaka jibu ataenda kulitafuta.

Na nimeitafuta tamthilia yenu nimeangalia mbili. Picha safi kabisa, shida sauti. Sehemu ya 4 pale barabarani upepo unaingia kwenye maiki mpaka maneno ya dereva hayasikiki, na mtu akishindwa kusikia anatoka, havumilii. Funika maiki na kipande cha sponji, bei yake haifiki hata chipsi mayai. Pia mnaanza na muziki na majina sekunde 40 nzima, toa hiyo, anza na tukio. Muziki wenyewe kama ni wimbo wa msanii mkubwa, mwenye haki zake anaweza kuchukua hela yote ya hiyo video bila hata kukuuliza, na akiamua kulalamika rasmi ukipata maonyo matatu ndani ya siku 90 chaneli inafutwa na sehemu zote 11 zinaondoka. Tafuta kijana wa studio mtaani kwenu akupigie kinanda, muandikishane.

BiMkubwa_Kariakoo
Mwanangu mimi nimecheza filamu enzi za CD, naongea nililoliona. Tulikuwa tunashuti wiki mbili hatulali, kazi ikiisha mtayarishaji anaipeleka kwa msambazaji, anaiuza na haki zote kwa mkupuo, sisi tunagawana kilichobaki. Filamu ikiuza isiuze hesabu hatuzioni. Na wiki haiishi nakala za wizi zimejaa Kariakoo zinauzwa bei ya soda. Mpaka leo kuna kazi zangu watu wameziweka mtandaoni kwenye chaneli za watu nisiowajua, wanakula wao, mimi hata senti.

Nyie kazi iko mkononi mwenu, saa za kutazamwa mnaziona wenyewe. Hicho kitu sisi tulikitamani miaka. Basi kaeni chini muandikiane leo kabla hela haijaja, nani mwenye chaneli, nani anapata kiasi gani, na huyo mama wa maandazi awemo kwenye hayo maandishi maana ndiye anayewavutia watu. Hela ikishafika bila maandishi undugu unakufa. Na Bodi ya Filamu mmepita? Sheria ya filamu ipo tangu 1976, kibali ulizia mapema. Kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni, wengine humu tunakumbuka 2018 zilivyokuja zile kanuni za ada ya milioni, hata lile jukwaa la mtandaoni la Jamii Forums lilizimwa kwa muda mwezi wa 6. Zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, kwahiyo nenda ofisi ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, usome toleo la sasa, usisikilize vijiwe.

Msee_wa_Likoni
Salaam kutoka Mombasa ndugu yangu. Mimi nakuomba hadithi usiiwache. Unakumbuka Makmende? Yule shujaa wa ile video ya 2010 ya Just a Band, bendi ya huku Kenya, hakukuwa na TikTok wala hizi Shorts, watu wenyewe ndio waliosambaza, kila mtu akawa anatunga sentensi yake ya Makmende anaongeza, mpaka kina sisi tulikuwa shuleni tunamsimulia hata video hatujaiona. Mtu akishapata pahali pa kutia mkono wake kwa hadithi inakuwa yake. Kwahivyo uliza watu, hilo begi lina nini? Wacha wabishane kwenye komenti wiki nzima, na jibu zuri ulitumie, mtaje aliyelitoa.

Ingine, usiweke mayai yote kikapu kimoja. India mwaka wa 2020 serikali ilifunga TikTok, watu wenye mamilioni ya wafuasi waliamka hawana mtu. Fungua chaneli ya WhatsApp, wale wapenzi kabisa wakae huko. Sisi hapa tulikuwa tunaonyesha sehemu mpya kwa ukuta wa duka usiku, projekta ya kuazima, watu wanakuja na viti vyao. Hela ilikuwa ndogo, lakini ukikaa nyuma ukaona ni wapi watu wanacheka na wapi wanatoa simu mfukoni, hiyo hakuna grafu itakupa.

DadaWaMuscat
Mimi ni mtazamaji tu. Huku Oman nyumbani kwetu bibi anaongea Kiswahili, watoto wanaelewa nusu, tunakaa wote Ijumaa baada ya chakula tunatafuta kitu cha Kiswahili cha kutazama na bibi, na vipande vya ugomvi bibi hataki kuona. Anataka hadithi yenye mwanzo na mwisho, anasema kwao mtu akisema paukwa ni lazima afike mwisho. Tafadhali weka maandishi ya Kiarabu au Kiingereza chini, hata kama si kamili, watoto watashika.

MwanaPongwe
Wakuu nimewasoma wote, Bi Mkubwa shikamoo, nimekusoma mara mbili. Tumekaa jana kwa mama wa maandazi tumeandikiana, watu sita, mafungu sawa, yeye amepata la ziada kwasababu jikoni kwake ndio tunaposhutia. Ameweka dole gumba na mashahidi wawili.

Sehemu ya 12 inatoka Ijumaa, inaanza moja kwa moja dereva anagonga mlango, muziki tumetoa. Bibi wa Muscat mwambie mwisho upo, nimeshauandika. Fundi, sponji nimepata ila ikifunika maiki sauti ya dereva inakuwa nzito kama anaongelea ndani ya ndoo, nakata nyembamba zaidi au nasogeza maiki juu karibu na shingo?

FundiSauti_Mbeya
Kata nyembamba, na maiki ishushe kidogo, kiganja kimoja chini ya kidevu. Jaribu ukiwa juu ya pikipiki inayotembea, usijaribie ndani.